Dawa ya Mikono

Nilijiponza mwenyewe, tena kwa mdomo wangu. Miaka saba nimeosha sahani za mkahawa ule, sabuni ikanila vidole mpaka nyufa zikatoa damu. Siku moja nikamwonyesha bosi viganja. "Bosi, nihurumie. Sahani ni nyingi, mikono imekwisha."

Akaviangalia, akasikitika. Alisikitika kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu akaja na vikapu vidogo vya kusukwa na bunda la karatasi. "Dawa ya mikono yako hiyo," akasema. Wifi yangu, mpishi wa pale na ndiye aliyeniombea kazi, akatandika karatasi kikapuni, akamwaga chipsi na kuku. Karatasi ikanyonya mafuta, matundu yakatoa mvuke, chipsi zikabaki kavu. Na chipsi zilezile zilizokuwa zinajionea aibu katikati ya sahani, sasa zimefurika! Mteja akimaliza, karatasi inakunjwa na mifupa yake, inatupwa. Kikapu kinafutwa, kinarudi kazini. Hakivunjiki, hakioshwi.

Hakioshwi! Jamani, na mimi je? Watoto wangu watatu wanakula kwa sinki lile, na baba yao alishatokomea zamani. Kufikia mchana sinki lilikuwa na vikombe vinne na mwiko.

"Wifi, nitafukuzwa," nikamnong'oneza.

"Tafuta cha kufanya. Bosi asikukute umekaa."

Mfa maji haachi kutapatapa. Jumanne nikawatangulia wote. Nikaviloweka vikapu vyote kwenye maji ya sabuni, nikasugua tundu kwa tundu, nikavipanga. Nilitaka bosi aone kwamba bila mimi ni uchafu mtupu.

Kumbe vitu vya kusukwa vinakunywa maji. Wateja walipojaa, karatasi zikalowa kwa chini, chipsi zikalegea, kuku akanuka sabuni. Mteja mmoja akainua chipsi, ikakatika kabla haijafika mdomoni. "Mmenipa chakula au nguo za kuanika?" Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Bosi alipoingia jikoni nilipiga magoti, sikuona haya. "Nilitaka tu uone nina kazi."

Hakufoka. "Dada yangu, kama ni vya kuoshwa, ningevinunua vya nini?"

Nikamtazama wifi. Akainamia karai la mafuta, akageuza kuku ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

Sasa ni wiki ya tatu niko nyumbani. Nimebisha hodi kwenye mikahawa yote ya mtaa huu, na kila ninapoingia nakuta vikapu mezani. Jana mwanangu wa mwisho alinishika mkono, akaupitisha shavuni.

"Mama, mikono yako imepona!"

Nikaiangalia. Kweli, haikuwa na hata ufa mmoja. Nikalia mpaka akaniuliza inauma wapi.