Dirisha la Usajili

Mafuta ya mbuzi yalikuwa yameanza kuganda kwenye sinia, yakatanda utando mweupe juu ya mbavu chache ambazo hakuna aliyezigusa tena. Leonce alifuta mikono kwa kipande cha gazeti, akaivuta kompyuta karibu yake na kusema kwamba sasa ilikuwa zamu ya Germana kueleza alivyojitia kitanzi.

Wenzake wakacheka. Germana naye akacheka kidogo, maana alikuja akiwa amejiandaa kuchekwa. Timu yake ilikuwa imeshika mkia, na hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao: kila msimu ukiisha, wenye timu walikutana Jumapili baada ya misa, kwenye baa moja nyuma ya soko la Karatu, wakatazama nyuma na kusimuliana nani alimsajili mchezaji gani huru, na usajili huo ulimnufaisha au ulimuumbua.

Ligi yenyewe haikuwa na uwanja wala jasho. Ilikuwa mpira wa kikapu wa kwenye kompyuta ya Leonce, mwenye duka la kupiga picha na kutoa nakala. Yeye ndiye aliyetengeneza programu. Kila mchezaji alikuwa na alama zake za kasi, za kuruka, za kulenga na za uzima wa magoti. Mwenye timu alipanga kikosi, kisha kompyuta ikachezesha mechi yenyewe na kutoa matokeo. Kilichowanasa watu ni majina. Leonce hakubuni wachezaji. Aliwaingiza vijana waliowahi kutamba kweli katika mashindano ya shule za Karatu, Mbulu na Ngorongoro, akawarudishia umri wao wa enzi zile. Mtu anayeuza vitunguu sokoni aliweza kupita dukani, akaambiwa kwamba jana ameibeba timu yake peke yake, akaondoka kifua mbele. Germana alilipenda hilo kuliko ushindi. Aliona kuwa kuna mahali ambapo watu aliowahi kuwashangilia hawazeeki.

Mchezaji aliyemsajili msimu huu alikuwa Lemayian. Lemayian wa kweli alisoma nao sekondari, mtoto wa wafugaji wa Olbalbal, mwenye mikono ambayo mpira ukiifikia hauendi popote pengine. Timu ya wasichana ilipokosa mtu wa kufanya naye mazoezi, ni yeye aliyebaki uwanjani na Germana, akimrushia mpira mpaka kengele ya chakula. Alimwita dada, ingawa walikuwa rika moja. Shule ilipokwisha alirudi kwenye ng'ombe wa baba yake, akaoa, na siku hizi walionana kwa nadra, akija mnadani.

Kwenye kompyuta alikuwa wa Leonce misimu yote, na Leonce alichukua ubingwa kwa mgongo wake. Kwa hiyo dirisha la usajili lilipofunguliwa na jina la Lemayian likaonekana kati ya wachezaji walioachwa huru, wote walidhani Leonce amekosea. Germana hakungoja. Alitoa karibu pointi zote za usajili alizokuwa nazo, akamchukua. Mechi za mwanzo Lemayian alitawala. Kisha, dirisha lilipofungwa tu, alama za goti lake zikaporomoka ghafla, na hakucheza tena mpaka msimu ukaisha.

"Nilitoa bei ya ng'ombe mzima, nikaletewa ngozi," Germana alisema, akainua mikono kama mtu aliyeshindwa. Walicheka mpaka Josephati, mwalimu wa hesabu aliyekuwa bingwa safari hii, akapaliwa na bia.

Fabian, dereva wa watalii, ndiye aliyeuliza. "Lakini Leonce, ulijuaje kwamba goti litakufa?"

Leonce alionekana kama mtu aliyelisubiri swali hilo msimu mzima. "Umri niliwarudishia, ila kwa majeraha programu yangu inafuata maisha," alisema. "Nilikutana na Lemayian stendi, mwanzoni mwa mwaka. Goti lilikuwa limevimba kama boga. Nikajua huyu basi tena. Sasa ningezishusha alama siku ile ile, mngeziona. Nikamwacha huru kwanza, nikasubiri dirisha lifungwe."

Wakapiga makofi. Josephati akamgonga bega.

"Alikuwa anafanya nini stendi?" Germana aliuliza.

"Si alikuja kutibiwa. Kwani hukusikia? Mguu walikata. Tangu kabla ya Pasaka."

Makofi yakanyamaza. Leonce akawatazama mmoja mmoja, akashangaa kidogo kwamba kumbe walikuwa hawajui. Germana akamuuliza Lemayian alisema nini siku ile, na swali lile alilitoa polepole, kwa sababu kitu fulani usoni mwa Leonce kilikuwa kimesogea.

"Alitaka nikuulizie kama kwenu kuna chumba," Leonce alisema. "Hospitali walimtaka aje kila wiki, na kwao ni mbali. Unajua tena hawa wenzetu, aliona haya kukuuliza mwenyewe, wewe mwanamke na yeye ana mke. Sasa ningekuulizia, ungeijua habari ya goti, usingemsajili. Nikasema dirisha likifungwa nitakwambia. Halafu mambo yakawa mengi."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyesahau kurudisha mwavuli wa jirani.

"Leonce, hiyo kali," Josephati alisema. Alikuwa bado hajamaliza kutabasamu, na Germana hakuweza kutambua kama alikuwa analaumu au anasifu.

Ndipo kinyaa kilipomshika. Hakikuanzia moyoni, kilianzia kwenye vidole, vilivyokuwa vinanata mafuta. Aliitazama midomo ya Leonce inayong'aa, kipande cha nyama kilichonasa kwenye jino la mbele, na kidole kile kinene kilichotulia juu ya kompyuta. Akayasikia tena maneno yake mwenyewe, ng'ombe na ngozi. Aliinuka, akaenda kwenye bomba la kunawia, akasugua mikono kwa sabuni ya unga, akanawa, akanusa, akanawa tena. Harufu haikutoka.

Aliporudi hakuketi. "Litoe jina lake humo," alisema.

"Nitalitoaje? Mkataba wake kwako umeisha. Saa hizi yuko huru kama wachezaji wengine. Ukimtaka, ngoja dirisha."

Hakuna aliyecheka sasa, lakini hakuna pia aliyesema neno. Germana alichukua mkoba wake, akaondoka kwa miguu kupitia soko tupu. Kilichomchukiza zaidi, kadiri alivyokitafakari, ni kwamba Leonce hakuwa na chuki na Lemayian. Angekufa, Leonce angekuwa wa kwanza kuchangisha watu, na angelia kweli kaburini. Ila kwa wiki kadhaa mtu yule alikuwa amegeuka siri nzuri ya kumshindia mchezo, na siri nzuri haiazimwi chumba. Na hao wengine waliopiga makofi ni watu aliokula nao sinia moja miaka mingi. Alijaribu kukumbuka kama yeye naye alikuwa ameanza kupiga, kabla ya kusikia neno mguu.

Kesho yake asubuhi Fabian alikuwa anakwenda Serengeti na gari tupu kuchukua wageni. Alikubali kumpitisha Olbalbal, amrudie siku inayofuata akiwapeleka wageni hao Arusha. Walipita Lodoare, lango la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, wakapanda msituni. Juu ukingoni ukungu ulikuwa bado haujaachia, na watalii waliovaa makoti walipiga picha weupe ule ule uliowafichia kreta.

"Sisi hatukujua, Germana," Fabian alisema, macho barabarani. "Ni Leonce."

"Tulipojua, ulisema nini?"

Fabian akabadilisha gia. Wakashuka kwenye uwanda, ambako kijani kilikatika na vumbi likaanza kuingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Alimshusha karibu na boma, akamwachia chupa ya maji, akaondoka bila kuzima injini.

Nashipai, mke wa Lemayian, alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba. Alipokea sukari na majani ya chai, akashukuru bila kumtazama machoni.

"Habari za hapa, wifi," Germana alisema.

"Nzuri. Yuko ndani."

Ndani mlikuwa na giza la moshi, na ilichukua muda kabla hajamwona vizuri. Lemayian alikuwa ameketi kwenye kigoda, shuka imemfunika kuanzia kiunoni, magongo mawili mapya yameegemezwa ukutani. Alimpa mkono.

"Karibu, Germana," alisema. Hakusema dada.

"Pole, Lemayian. Nimesikia jana."

"Jana," alirudia yule, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukirudisha mahali pake.

"Leonce hakuniambia. Habari ya mguu sikuambiwa, wala ya chumba."

Nje ndama alilia, akanyamazishwa. "Nilimpigia simu baadaye," Lemayian alisema. "Nikamuuliza kama amekuona. Akasema amekuona, mmeongea. Ulisema unasikitika, nyumba imejaa, mna wageni wa kipaimara."

Nyumbani kwao hapakuwa na kipaimara mwaka ule. Chumba cha uani kilikuwa kitupu tangu kaka yake ahamie Babati. Kitanda kilikuwamo, na godoro. Germana aliwaza kuhusu uongo ule, jinsi ulivyovalishwa vizuri: wageni, kanisa, hata kusikitika alikuwa amesikitikiwa na Leonce. Kwamba Leonce alisahau tu kumwambia, hayo alikuwa amejaribu kuyameza tangu jana. Haya hayakumezeka.

"Kitanda kilikuwapo," alisema. "Kipo mpaka leo."

Lemayian aliinamisha kichwa. "Mimi nilisema moyoni, watu wana mambo yao. Nikarudi huku. Nilipopelekwa tena, daktari akasema ugonjwa umeshaingia kwenye mfupa."

"Ungekuwa Karatu..."

"Sijui. Daktari hakusema, na mimi sikumuuliza." Akauliza kwa upole, kama anayemuulizia mgonjwa. "Kwa nini alisema hivyo? Mimi na Leonce hatujawahi kugombana."

"Alitaka nikusajili."

"Unisajili wapi?"

Ikabidi amweleze. Alieleza juu ya timu, pointi, wachezaji huru, dirisha linalofunguliwa na kufungwa. Kila neno lilipomtoka alilisikia lilivyo, jepesi na lenye mafuta, likianguka kwenye sakafu ile ya udongo kati ya kigoda na magongo. Mara mbili alitaka kuacha. Lemayian alisikiliza bila kumkatiza.

"Nilisikia kwamba nimo," alisema mwishowe. "Mtu mmoja mnadani aliniambia nacheza sana. Nilifurahi." Akapitisha kiganja juu ya shuka, akakifikisha pale ambapo paja liliishia. "Na goti la yule wa humo, ni nani aliyelivunja?"

"Leonce."

"Alibonyeza tu?"

"Alibonyeza."

Nashipai alikuwa ameingia na kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha ngozi. Alimuuliza mumewe swali kwa Kimaasai, na Lemayian akaanza kumfasiria. Ilichukua muda. Germana alilitambua jina lake mwenyewe, na la Leonce, na neno kompyuta, ambalo Lemayian alilitaja huku akionyesha kwa mikono upana wa kitu kidogo kinachofunguka. Nashipai akamwomba arudie hapo. Akarudia. Mwanamke yule aligeuka akatema mate pembeni, mbali, kama aliyeingiwa na nzi kinywani, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Germana machoni. Alisema Kiswahili alichokiokota minadani, kila neno likisimama peke yake.

"Huyo mtu ana mama?"

"Anaye. Yuko Rhotia."

"Umekula kwake?"

"Mara nyingi. Ananipenda."

"Anajua alichofanya mtoto wake?"

"Hajui."

Nashipai alitikisa kichwa kukubali. Alichukua kibuyu, akamimina maziwa kwenye kikombe cha bati, akakiweka mkononi mwa Germana na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Gari yako ya kesho," alisema, "inapita Rhotia."

Ilikuwa kweli. Barabara ya Arusha ilipita pale pale, mbele ya nyumba ya bati jekundu ambako mama mmoja mzee hukoboa mahindi uani na kumsifia kila mgeni mwanawe mwenye akili za kompyuta.

"Mwacheni mama wa watu," Lemayian alisema. "Germana atamwambia nini? Hataelewa mambo hayo."

"Ataelewa," Nashipai alisema.

Mume akamjibu kwa Kimaasai, mke naye akajibu, na wakaendelea hivyo, bila kupandisha sauti, mmoja akingoja mwenzake amalize. Germana hakuelewa. Alisikia tu Rhotia ikitajwa, mara kwa sauti ya mwanamume, mara kwa sauti ya mwanamke. Maziwa yalikuwa ya uvuguvugu na yalinukia moshi. Aliyainua mpaka mdomoni, akakishikilia kikombe hapo, akiwasikiliza.