Mashine Iliyouzwa kwa Kilo

Eufrazia aliubeba ubao wa mninga mgongoni, kaufunga kwa khanga, toka Temeke mpaka Kipawa. Stanley, muuza mashine za mtumba, alipouona akacheka.

"Shikamoo mama. Umetuletea mjukuu?"

"Marahaba. Huyu ana mafundo matatu. Mashine yako ikimmeza bila kulia, tutaongea."

Mumewe, Alfonsi, alikuwa keshaweka kiganja kwenye mota ya ile mashine ya kuranda. Ilikuwa na joto.

"Mwanangu, hii umeiwasha saa ngapi?"

"Leo? Bado, mzee wangu."

"Basi ina homa."

Wapakiaji waliokaa juu ya matairi wakaangua kicheko. Mashine inayogoma ikiwa baridi huamshwa kabla mnunuzi hajafika. Seremala gani asiyejua? Alfonsi akavuta kigoda. "Tusubiri ipoe. Sie hatuna haraka."

Haraka walikuwa nayo. Shule moja ilikuwa imemwagiza madawati hamsini, na miaka yote Alfonsi alipanga foleni kwenye mashine ya jirani, faida ikibaki hukohuko. Mkononi walikuwa na milioni tatu za kikoba cha Eufrazia. Stanley alitaka tatu na nusu. Wakinunua kimeo, hawana madawati na hawana kikoba.

"Hii ya Ulaya, mzee. Imeshuka na kontena mwezi jana. Ilikuwaga ya mzungu mmoja, anarandia Jumapili tu."

"Mzungu gani huyo asiyekwenda hata kanisani?" Eufrazia akauliza.

Alfonsi akaizunguka. Rangi ya kijani ilikuwa bado inanuka. Akashika kishikio cha kupandishia meza ya mashine, kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake, na kidole gumba kikazama kwenye kibonyeo. Kikatulia humo kama kilitoka jana.

Akakwangua rangi kwa ukucha. Chini yake, weusi.

"Na hiki?"

"Vyote orijino, mzee."

"Mpingo wa Ulaya."

"Eeh! Wenzetu wana miti bwana!"

Hapo Alfonsi akacheka mpaka akashika kiuno. Kishikio hicho alikichonga yeye, mwaka tisini na mbili, cha chuma kilipovunjika, kwenye karakana ya ushirika wao wa maseremala. Watu thelathini na mmoja walikatwa mishahara miaka minne kuinunua mashine hii. Kisha akaja mfilisi na tai yake, akafunga lango, akasema ushirika una madeni. Mashine ikauzwa kwa kilo, kama chuma chakavu. Wenyewe wakaambiwa wasubiri barua. Mwenzao Petro alikufa anaisubiri.

"Stanley, weka gumba lako hapa. La kulia. Linaingia?"

"Haliingii."

"La kushoto?"

Likaingia. Stanley akalitazama gumba la mzee, limeinuliwa mbele ya pua yake.

"Mie ndiye mzungu wako," Alfonsi akasema. "Na Jumapili nilikuwaga kanisani."

Wapakiaji wakapigana mabega. Stanley naye akashindwa, akacheka kwa aibu.

"Daah, mzee. Na mie niliuziwa hivyohivyo. Naapa."

"Najua. Wa kuapa si wewe."

Mashine ilipopoa, ikagoma. Stanley akaanza kusingizia umeme. Alfonsi akauzungusha mkanda nusu mzunguko kwa mkono, kama zamani, akabonyeza swichi. Ikanguruma. Mninga ukaingia na mafundo yake, ukatoka unang'aa. Eufrazia akaupitisha shavuni.

"Baba Recho, inafaa?"

"Inafaa. Tulishailipa mara moja, ndiyo maana inaniuma."

Eufrazia akamgeukia Stanley. "Milioni mbili."

"Mbili na nusu, mama. Nina watoto."

"Mbili na laki mbili. Watoto wako watakalia madawati gani?"

Wakapeana mikono. Stanley akaandika kwenye kitabu cha risiti: *Mashine ya kuranda, mtumba, imeuzwa.* Alfonsi akachomoa penseli sikioni, akakata neno la mwisho, akaandika juu yake: *imerudi.*

"Mzee, unaniharibia risiti!"

"Nipe nafasi hapo chini."

Akaandika Petro. Akaandika Albano, Rosalia, Salumu. Wapakiaji walikuwa wameshainyanyua mashine, wanamsubiri. Karatasi ikajaa kwenye jina la tisa. Akaigeuza, akaendelea nyuma.