Tuta la Mchunga

Mwanawema alinuia sala ya adhuhuri mara tatu, na mara tatu moyo ulimtoroka ukakimbilia nyuma ya nyumba, kwenye tuta.

Tuta lenyewe halikuzidi mkeka wa kulalia. Kaskazi ilipoanza kukausha mapori ya Gando, alichimba mizizi ya mchunga kando ya njia, akaikata vipande vya urefu wa kidole, akaifukia kwenye samadi ya mbuzi na kuinywesha maji ya kisima. Wanawake wenzake walimcheka. Nani alipata kupanda mchunga? Mchunga hujiotea, maua yake ya manjano yamejaa kila konde, na achumaye haombi ruhusa. Lakini mama yake, Bi Mwatima, tangu aingiwe na homa, tumbo lake lilikataa kila kitu ila mboga ile chungu iliyopikwa kwa tui, na porini ilikuwa imekwisha.

Tuta likanawiri. Ukikata leo, baada ya siku kumi unakuta majani mapya. Hapo ndipo balaa ilipoingia.

Mwanawema na mumewe Nyange walikaa katika shamba la mikarafuu la Mzee Soud bila ya kodi, kwa sharti moja: walime mihogo na viazi, vitu vya kung'oka, wasipande kitu cha kudumu, maana mwenye cha kudumu kesho hudai na ardhi. Tangu uchaguzi, jirani wawili walikwisha kuhamishwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Asubuhi ile Mzee Soud alileta salamu kwamba ameambiwa kuna mmea usiokufa shambani mwake, na akishasali atakuja kuuona.

"Sema umejiotea," Nyange alimwambia mkewe.

"Nikisema hivyo wataufyeka wapitao, mama akose."

"Akose mboga, mke wangu, au akose paa?"

Mwanawema alirudi kwenye msala akanuia mara ya nne.

Mzee Soud alipofika aliinama, akavunja jani, akatazama utomvu mweupe ukimchuruzikia vidoleni.

"Kapanda nani?"

Nyange alikohoa.

"Mie, Mzee," alisema Mwanawema. "Kwa mkono wangu."

Mzee alipangusa vidole. Kisha akasema kwamba bibi yake aliupiga vita mchunga maisha yake yote, akafa, ukamwotea kaburini. Hukumu yake ilikuwa hii: ung'olewe wote kabla ya masika, usisazwe mzizi. Mwakani aombe upya, apande upya, uwe sawa na muhogo. Ukichipua uliosazwa, ni cha kudumu, nao watahama. Akamwapisha. Mwanawema akaapa.

Alichimba siku tatu. Mizizi ile hukatika kama uzi mbovu, na kila kipande ni mche. Alipoona jembe linaikata zaidi, aliliacha akatumia mikono. Kisha akachekecha udongo kwa ungo, konzi kwa konzi. Nyange alimsihi apumzike. Yeye akamwuliza, kipande cha mzizi kama ukucha kikibaki, nani atakiapia? Usiku alisikia matone ya kwanza ya masika juu ya makuti, akaketi kitandani akivuta uradi hadi alfajiri.

Siku ya tisa ya mvua aliona chipukizi mbili. Hakuna aliyekuwa amepita. Angeweza kuzitupa na kunyamaza, na mkono ulikwisha kuzifikia. Badala yake alizing'oa, akazifunga kwenye upindo wa kanga, akaenda moja kwa moja barazani kwa Mzee Soud, akaziweka mbele yake.

"Nimesaza, Mzee. Kiapo changu kimevunjika."

Mzee Soud alizigeuza kwa ncha ya bakora.

"Hizi umezipanda?"

"La. Zimerudi zenyewe."

"Basi kazipanda Mungu, na Yeye sikumwapisha." Akamsukumia. "Kaeni. Lakini hilo si tuta lako tena. Apitaye atachuma."

"Na mama yangu?"

"Uwahi, mwanangu."

Wiki mbili baadaye vipande vingine vilivyosazwa vilikuwa vimechipua, majani yamefunika udongo. Mwanawema alitoka bado kiza, kisu mkononi, maji ya udhu hayajamkauka usoni. Akamkuta Bi Mwanapili wa nyumba ya pili amekwisha kuinama.

"Leo umelala," Bi Mwanapili alimwambia, akasogea kidogo kumpisha.