Mstari wa Jumamosi

Mwaka wa 1972 nilikuwa karani wa chama cha wafugaji wa kuku mjini Kisii, na nilijiona najua sheria za mayai kuliko kuku mwenyewe. Yai la kula halikuwa na maneno mengi. Yai la kutotoa, likivuka mpaka kwenda Tanzania, lilitaka heshima ya mgeni wa serikali. Kila yai lilipigwa muhuri wa namba ya shamba na siku lilipotagwa. Juu ya kasha ilibandikwa lebo: nchi yalikotoka, jina la shamba, aina ya kuku, idadi, na chini yake mistari saba kuonyesha mayai mangapi ya kila siku yamo ndani. Mstari ukiachwa mtupu bila maelezo, watu wa mpakani walidhani siku hiyo kuku waliugua na mwenye shamba anaficha.

Persis Nyamoita alikuwa mjane Msabato wa Nyansiongo mwenye mitetea themanini. Shule moja ya misheni ng'ambo ya mpaka ilimwagiza kasha la mayai mia tatu, na kama yangefika vizuri ingeagiza kasha kila mwezi, mwaka mzima. Hakuna mwanachama wetu aliyewahi kupata mnunuzi wa namna hiyo. Alileta kasha Jumatatu asubuhi, akanikabidhi lebo aliyoijaza mwenyewe, kisha akakimbilia basi la kurudi.

Nikaisoma. Jumatatu hamsini, Jumanne hamsini, hivyo hivyo hadi Ijumaa, na Jumapili hamsini. Jumamosi, hakuna kitu.

Nikacheka. Mimi ni Mkatoliki wa Mosocho, lakini Wasabato nimekua nao, na niliona nimeelewa mara moja. Kupiga muhuri ni kazi, na Sabato mama huyu hafanyi kazi. Bila shaka mayai ya siku hiyo aliyaokota, akayachanganya na ya siku nyingine. Dereva wa lori alikuwa anapiga honi nje. Nikachukua lebo mpya, nikapunguza mayai saba katika kila siku, nikaandika arobaini na mbili kwenye mstari wa Jumamosi. Jumla ilibaki mia tatu. Wahenga walisema mwerevu hajinyoi, nami siku hiyo nilishika wembe kwa furaha.

Ijumaa kasha lilirudi. Afisa wa mpakani alilifungua, akatazama muhuri trei baada ya trei, akakuta kila siku ina mayai hamsini na hakuna hata moja la Jumamosi. Mayai yalikuwa yamekaa juani siku tatu na hayakufaa tena. Barua iliyokuja nalo ilisema lebo ni ya uongo. Aliyeijaza ajieleze kwa maandishi katika siku kumi na nne, la sivyo shamba la Nyamoita lifutwe katika orodha ya wanaoruhusiwa kuuza nje. Nakala ya lebo ilikuwa imepelekwa kwa ile shule.

Nitasema ukweli: niliogopa. Karani aliyeghushi lebo hakai na kazi. Usiku kucha nilitunga ombi langu. Nitamwambia mama akubali kwamba alichanganya mayai kwa bahati mbaya, na mimi nitamwombea msamaha kwa upole wa lugha niliyojaliwa. Asubuhi nikapanda basi la Nyansiongo bila kukumbuka ilikuwa siku gani.

Nyumbani kwake hapakuwa na mtu. Jirani akanielekeza kanisani. Ibada ilikuwa imekwisha na watu wanakula uani. Mezani mbele ya mimbari, kupitia mlangoni, niliona vikapu vitatu vya mayai vilivyofunikwa kwa vitambaa vyeupe.

Persis akanifuata pale mlangoni. "Bwana Karani, karibu. Unatazama mayai yetu?"

"Ni ya nani, mama?"

"Ya Bwana. Kuku akitaga siku ya Sabato, lile yai si langu. Tangu mume wangu akiwa hai tunayaleta hapa. Kesho yatauzwa tununue mabati. Kwani mayai yangu yalifika?"

Nilimweleza yote, hata ile arobaini na mbili, hata nilichokuja kumwomba. Nilingoja alie kwa ajili ya mayai mia tatu na oda ya mwaka mzima. Hakuyataja.

"Hiyo karatasi uliyoandika ina jina langu?" akauliza.

"Ina jina la shamba. Jina lako."

"Na wale wa shule wameiona? Wale ni Wasabato wenzangu, mwanangu." Alikaa kwenye ngazi ya kanisa, akakunja leso yake mara mbili, tatu. "Basi wamesoma ya kwamba Nyamoita ameuza mayai ya Mungu. Arobaini na mbili."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Muda wote nilidhani nimemharibia soko.

"Mama, nipe karatasi niandike barua sasa hivi," nikasema. "Nitasema ni mimi. Jina langu kamili. Wakinifukuza, wanifukuze."

"Leo hapana. Barua ya biashara ni kazi."

"Basi angalau nisamehe."

Alikunjua leso yake, mama mwenye miaka hamsini na ushee, akajifuta macho.

"Hiyo si kazi," akasema. "Hiyo naweza leo. Nimekusamehe. Sasa ingia ule. Barua tutaandika kesho."

Nililala kwa shemeji yake. Jumapili, saa ambayo wenzangu wa Mosocho walikuwa kwenye misa, nilikaa mezani kwake na kalamu. Alitaka nimsomee kila sentensi. Nilipoandika kwamba nilikuwa na nia njema, akaniambia niifute, niandike nilichofanya tu.