Magari ya Wakili Pole

Asubuhi hiyo Wakili Pole alikuwa akirudisha gari nyuma kutoka uani, tai ikiwa imening'inia shingoni bila kufungwa, alipoona kwenye kioo kwamba njia imezibwa. Akashuka. Nje ya geti lilisimama gari dogo jeupe, ubavu wa kulia umebonyea hadi kwenye kiti, tairi moja halipo, injini ikinguruma taratibu. Ndani hamkuwa na mtu. Alilitambua papo hapo. Mara ya mwisho alisikia limekatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

"Mwambie mwenyewe asogee," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Watoto watachelewa shule."

"Halina dereva."

"Basi lisogeze wewe."

Akaingia, akashika usukani, akaliegesha kando ya ukuta. Kwa gari la matairi matatu, lilikwenda vizuri.

Jina la Wakili Pole alipewa na wateja, kwani hakuna aliyeingia ofisini kwake asiambiwe "pole sana" hata kabla hajapata kiti. Enzi hizo alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la matairi, akiwatetea walioumia barabarani dhidi ya makampuni ya bima. Kazi aliijua. Alikuwa akiketi kando ya vitanda vya hospitali na kusikiliza mpaka wauguzi wamfukuze, na akisimama mahakamani, mawakili wa bima walianza kupanguza miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Kampuni moja ilichoka kushindwa naye, ikamwita ahamie upande wake. Ingependeza, mkurugenzi alimwambia huku akimmiminia maji, kama angekuja bila kiporo cha kesi dhidi yao.

Kiporo kilikuwa kimoja: mama mmoja fundi cherehani, mjane, aliyegongwa, akiwa ndani ya gari lake dogo jeupe, na lori lililokatiwa bima na kampuni hiyo. Shahidi alikuwepo, muuza magazeti wa pale kwenye taa, aliyeliona lori likipita kwenye nyekundu. Wakili Pole alimwambia mama kwamba shahidi ametafutwa hakuonekana, kwa hiyo achukue hicho kidogo kilichotolewa, la sivyo atatoka kapa. Alimpa pole kabla, akampa pole baada. Mama akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia vidole vilikuwa havifungi tena.

Baada ya gari jeupe yalikuja mengine. Kila alipoishindia kampuni kesi, kesho yake gari la aliyeshindwa lilikuwa mtaani, injini ikiwaka bila mafuta. Lilikuja basi dogo lililokunjamana mbele. Ikaja teksi isiyo na paa. Majirani walinung'unika kuhusu maegesho, si zaidi. Mkewe alianika mashuka juu ya boneti, maana zilikuwa na joto na nguo zilikauka upesi hata siku za mawingu.

"Wageni wako wanazidi," alimwambia tu.

Wakili Pole aliacha kula mezani, kwa kuwa dirisha la chumba cha kulia lilitazama ukutani, yaliposimama magari. Mwishowe, Jumamosi moja, aliliwasha gari jeupe, ingawa lilikuwa limeshawaka, akaliendesha hadi kwa fundi cherehani.

Alimkuta barazani akichambua mchele kwa mkono mmoja. Cherehani ilikuwa nyuma yake, imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea gari lako."

"Marahaba, mwanangu. La nini? Siwezi kuliendesha."

Alisimama. Maneno aliyokuja nayo yalikuwa yamepangika vizuri njia nzima, sasa akaanzia katikati.

"Mama, yule shahidi…"

"Muuza magazeti? Anakaa nyumba ya tatu hapo." Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Alinunua shati la kuja nalo mahakamani. Akasubiri umwite. Siku hizi analivaa akienda kuuza magazeti."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua baadaye. Niliposikia umehamia kule." Akatoa jiwe, akalitupa uani. "Nikuulize wewe uliyesoma. Kesi yangu inaweza kufunguliwa tena?"

Wakili Pole alifikiria. Hati ile aliiandika mwenyewe, na hakuwa mtu wa kuacha mwanya.

"Haiwezi, mama."

"Haya. Basi liondoe hapo juani, rangi itababuka."

"Pole sana," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani asingekuwa na neno hilo.

"Ahsante," mama akajibu, kama watu wanavyojibu.

Alirudi nalo nyumbani. Jumatatu alikuwa mahakamani, akieleza kwa sauti ya upole kwamba mgongo wa kijana msafirisha mizigo kwa pikipiki ulikuwa mbovu hata kabla ya ajali. Hakimu alikubali. Kijana alitolewa nje amebebwa na kaka zake wawili.

Jioni, kabla ya kuingia kwake, Wakili Pole aligonga kwa jirani.

"Samahani, ndugu. Naomba usogeze gari lako kidogo pale ukutani. Kesho kuna pikipiki inakuja."

"Ya kawaida?"

"Ya mizigo. Ina kreti nyuma."

Jirani akaingia ndani kuchukua ufunguo.