K ya Wakonyo

Wakonyo aliingia katika duka la uchapishaji la Nzioki, mjini Ruiru, akiwa amejifunga leso nyeusi kichwani. Nzioki aliinuka kwa haraka hadi kiti kikaanguka. Habari alikuwa nazo: Mzee Gachanja, mwandishi wa mabango wa Thika, alifariki Jumamosi. Huyu ndiye mjane wake, na marehemu ndiye aliyemfundisha Nzioki kushika brashi.

"Pole sana, Mama Ngendo."

"Asante. Nataka programu ya mazishi. Nionyeshe maandishi."

Nzioki akamfungulia kitabu cha sampuli huku akimwomba Mungu asifike ukurasa wa tisa. Unafiki mtupu, maana ukurasa huo ndio uliomlisha. Hapo palikuwa na fonti iliyompa sifa: herufi nene, zimeinama mbele kama mtu anayepanda mlima, kila moja na vijiguu vyake chini. Gachanja aliviita viatu. Ukisahau kiatu kimoja, unafuta ukuta mzima.

Miaka minne Nzioki alifuta na kuandika. Kisha akanunua kompyuta, akapiga picha mabango ya mzee, akazifuatisha herufi zile moja moja, na fonti akaipa jina lake mwenyewe. Mzee hakuambiwa. Nzioki aliona haya kwenda Thika, akaendelea kuona haya hadi mwalimu wake akafa.

Kidole cha Wakonyo kilisimama ukurasa wa tisa.

"Hii nani aliitengeneza?"

Hapo angeweza kusema kweli. Akasema, "Mimi."

Mama alisogeza kidole hadi kwenye K, ambayo mguu wake mrefu ulipita chini ya herufi iliyofuata. Mguu huo Nzioki alikuwa amejisifia mbele ya wateja wengi.

"Hii K ni yangu," Wakonyo akasema polepole. "Aliichora kwa kibanda changu cha mboga kabla anioe. Nikamwambia, wee, mguu umekuwa mrefu. Akasema ni wa kubeba ile O, ndio jina langu lisianguke."

Nzioki alishindwa kumtazama. Aibu ilimchoma, na uchungu wa msiba ukamjia wote kwa mara moja.

"Nisamehe, Mama Ngendo. Niliziiba."

"Najua. Kwani unadhani Thika hakuna wachapishaji? Mzee aliziona herufi zake kwa pakiti ya unga mwaka jana. Alikuwa anangoja uje."

Akafungua kibeti, akaweka mezani kipande cha pakiti kilichokunjwa. Katika neno UNGA, mzee alikuwa ameizungushia G duara kwa penseli, na pembeni akachora kiatu chake upya, kama alivyokuwa akimsahihisha zamani. Nzioki akalia bila kujificha.

Wakonyo alimngoja anyamaze.

"Tunazika Ijumaa, kule Gatuanyaga. Utaongea baada ya watoto, na utawaambia hizi herufi ni za nani." Akasukuma kile kipande karibu na kompyuta. "Lakini hiyo G irekebishe kwanza. Ndiyo inaanza jina lake."