Bubu wa Al Hamra

Sinan aliwaambia watalii waliokuja kula chakula cha mchana nyumbani kwake Al Hamra, Oman, kwamba bibi yake ni bubu. Uongo mtupu! Bi Ghanima alizaliwa Unguja, na mjukuu wake aliona haya wageni wasikie Kiswahili chake. Walikuja kumwona bibi wa Kiomani wa asili. Basi akawekwa kitini, bangili zake za harusi za fedha mikononi, akipigwa picha.

Siku moja mgeni Mpemba akamtazama usoni, akainama. "Shikamoo, bi mkubwa."

Shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. "Marahaba, mwanangu," akajibu kabla hajakumbuka kuwa yeye ni bubu.

Sinan akacheka mbele ya wageni. Kesho yake Bi Ghanima alikuwa jikoni akikaanga sambusa. Kitini kakaa kizee wa kukodiwa, bubu wa kweli, kavishwa bangili za harusi za Bi Ghanima.